Fundi Makungu na Bunduki ya Buluu

Makungu wa Wete, ambaye kwao Pemba alikuwa akitengeneza vyerehani vibovu, leo hii mjini Birmingham anakula kwa bunduki. Msishtuke, wala msianze kumsema. Si bunduki za kuua mtu. Ni hizi za mchezo wanaouita airsoft, ambapo watu wazima na akili zao, wenye wake na watoto na kazi za ofisini, huvaa magwanda ya kijeshi Jumapili, wakaingia msituni au kwenye kiwanda kilichokufa, wakapigana kwa vigololi vya plastiki mpaka jioni. Anayepigwa huinua mkono, akakubali kwamba amekufa, akaenda zake kunywa chai. Makungu alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Huku watu wameshiba," alimwambia mkewe Nunu. Lakini mashine ni mashine. Ndani ya bunduki hizo mna mota, mna gia, mna springi, na mtu aliyekwisha kufungua vyerehani vya wanawake wa Wete nzima hatishwi na vigia viwili vitatu.

Basi akawa fundi wa Jagjit. Jagjit ni Singasinga mzaliwa wa hapa hapa, na duka lake liko karibu na maghorofa ya Newtown anakokaa Makungu, katika mitaa ambayo zamani ilikuwa ikitengeneza bunduki za kweli na kuzipakia kwenda kila pembe ya dunia. Kila toleo jipya ambalo Jagjit anataka kuliuza lazima kwanza lipite kwenye meza ya Makungu, kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Makungu hulipiga, hulilowesha, hulifungua, kisha hutoa neno lake: litadumu au halidumu. Akisema ndiyo, Jagjit anaagiza. Akisema hapana, boksi linarudi lilikotoka. Na neno lake Makungu alilionea fahari, kwa sababu hakuwahi kulikosea.

Sasa katika biashara hiyo ipo sheria, na naomba muishike, maana bila ya hiyo hamtaelewa kilichomkuta Ishaka. Bunduki ya mchezo inayofanana na ya kweli haiuzwi ovyo. Nyeusi huuziwa mchezaji aliyesajiliwa tu. Mwengine yeyote huuziwa iliyotiwa rangi kali mwili karibu wote, buluu au chungwa au waridi, ili hata aliye mbali aone kwamba hicho ni kitu cha kuchezea. Na hata hiyo ya rangi huitoi hadharani. Polisi wa nchi hii wengi wao hawatembei na silaha, lakini wapo wanaotembea nazo, na wakiitwa kwa habari ya bunduki hawaji kuuliza maswali. Kwa hivyo rangi ile si pambo. Rangi ile ndiyo roho ya mtu.

Bunduki yenyewe ilikuja mwezi wa Machi, katika boksi jeupe lisilo na mbwembwe. Kiwanda kipya, toleo jipya, fupi, ya buluu ya mbingu. Jagjit aliiweka mezani taratibu. "Makungu bhai," alisema, "hii nataka niagize kontena zima kabla ya majira ya joto. Wanadai rangi yake ni ya aina mpya, haichubuki, haitoki. Nipigie mpaka ilie."

Makungu akaishika, na kitu cha kwanza alichokihisi ni uzito. Bunduki za bei ile huwa nyepesi, ukizitikisa unasikia plastiki zinagongana tumboni. Hii ilitulia. Kitako kilikuwa kimetiwa chuma ndani ili ikae sawa mkononi, na mshikio wake ulichongwa ukakubali vidole vyote bila ya kuvilazimisha. Akaikoki. Ikatoa mlio mkavu, mfupi. Mlio ule aliujua. Aliwahi kuusikia Wete mwaka wa vurugu, alipokuwa amelala chini ya meza yake ya kazi, milango imekomewa, na watu wakikimbia nje. Tangu aanze kazi kwa Jagjit hajapata kuusikia kwenye kitu cha mchezo. Akaiweka chini, akafuta viganja kwenye suruali.

"Mbona umeiweka?" Jagjit akamuuliza.

"Waliotengeneza hii," Makungu alisema, "walikuwa wanataka kutengeneza nyengine."

Jagjit akacheka. "Ndiyo maana itauzika!"

Haya, kazi ikaanza. Aliiangusha kwenye saruji kwa kitako, kwa mtutu, kwa ubavu, na tena kwa ubavu. Ikapata alama ndogo kwenye kona, basi. Akaitia kwenye friza la duka, juu ya sambusa za Sunita, mke wa Jagjit, ambaye alilalamika kwamba chakula chake sasa kinalala na silaha. Huko kwenye baridi akaikamata kasoro: kitasa kinachoshika magazini kililegea, na magazini ikadondoka yenyewe. Makungu alifurahi kuiona kasoro ile, utadhani mtu aliyepata sababu ya kumkataa mkwe asiyempenda. Lakini ilikuwa springi fupi tu, akaibadilisha, ikakaa. Akaizamisha kwenye ndoo ya tope. Akaiosha, akaikausha, akaifyatua vigololi mpaka mota ikaunguza vidole. Alipoifungua, gia hazikulika hata kidogo na grisi ilikuwa pahala pake. Alikuwa hajapata kuona kitu cha bei ile kikatengenezwa vile.

Kisha akaigeukia rangi. Aliikwangua kwa ufunguo. Aliisugua kwa petroli, kwa siki, kwa sabuni ya vyombo, kwa maji ya chumvi kwa ajili ya jasho, hata kwa ile krimu ya jua ambayo wachezaji hujipaka shingoni. Akaiacha karibu na hita mchana kutwa. Rangi ikamkodolea macho tu. Alitaka itoke, wallahi, alitaka ifeli ili aifungie boksini airudishe, lakini fundi mkweli hawezi kuisingizia mashine.

"Rangi imara," akamwambia Jagjit. "Hii itazikwa nayo."

Jagjit akampa mkono wa pongezi, akamwambia akae nayo mpaka mwisho wa mwezi, aichukue hata nyumbani kwenye mkoba wake uliofungwa, aangalie itazeeka vipi. Wakati Makungu anaiinua mezani kuitia mkobani, Sunita alikuwa akiingia na trei ya chai, na mtutu ukaelekea upande wake kidogo tu. Mama yule, aliyeziona bunduki za mchezo maisha yake yote ya ndoa, aliruka nyuma, chai ikamwagika. Akaona haya, akacheka. Makungu hakucheka. Aliitazama bunduki ile ya buluu, akafikiri: kama hii inamtisha Sunita na rangi yake juu, itakuwaje bila ya rangi? Kisha akajijibu kwamba rangi haitoki, kaipima mwenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu Ishaka. Ishaka ni mdogo wake Nunu, dereva wa basi, njia yake inapita Perry Barr, na hakuna mzee wala mwanafunzi wa njia ile asiyemjua. Mtu wa kelele na wa moyo mkubwa. Makungu alipofika mji huu hana pa kulala, Ishaka ndiye aliyempa kitanda chake, yeye akalala sebuleni msimu mzima wa baridi, na hajamtajia hata siku moja. Ana mtoto mmoja tu, Iman, kijana aliyezaliwa hapa, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Iman alikuwa anamwoa Fardowsa, binti wa Billow, Msomali wa Garissa. Na Ishaka kwa furaha kichwa kilikuwa kimemvimba hata kofia haimkai.

Akaja Newtown mchana wa Jumamosi, akala pilau ya dada yake mpaka akalegeza mkanda, kisha macho yake yakauona ule mkoba karibu na kabati.

"Shemeji, humo mna nini?"

"Kazi," Makungu alisema.

"Nionyeshe."

"Ishaka, usianze," Nunu akasema kutoka jikoni.

Lakini alishaanza. Makungu akaufungua, na Ishaka alipoiona bunduki ile machozi yalimlengalenga. Akaanza habari za babu yao. Babu alikuwa akitangulia razha katika harusi, ile ngoma ya wanaume ya kujipanga safu mbili, panga juu, na mzee mbele na gobori lake, kila akilinyanyua watu wanaitikia. Harusi ya Iman bila ya razha, alisema, itakuwa mkutano wa kula biriani.

"Panga siwezi," alisema Ishaka. "Mji huu ukionekana na kisu cha kukatia ndimu unalala ndani. Billow mwenyewe kaniambia, visu hapana, na ni haki yake. Lakini hii! Hii buluu! Hata mtoto mchanga anajua ni ya kuchezea. Nani ataiogopa?"

"Sheria haitaki itolewe nje."

"Nje nani kasema? Ukumbini. Ndani, mlango umefungwa. Nainyanyua mara moja, napigwa picha, nakurudishia na shukrani juu." Akaigeuza mikononi. "Au unachelea itachubuka rangi?"

Lo! Hapo ndipo angesema ndiyo, nachelea, na mambo yakaishia pale. Lakini alikuwa ameguswa kwenye ufundi wake. "Rangi?" Makungu akasema. "Rangi hii hata petroli haiiwezi. Nimeijaribu kwa kila kitu."

"Basi! Umekwisha kusema mwenyewe."

Kuna kitu kinaitwa muhali, na msomaji wangu wa pwani hana haja ya kufundishwa. Ni ile hali ya kumtazama mtu wako usoni, unajua la kumwambia, na ulimi unakataa. Makungu alimtazama Ishaka, akakiona kile kitanda na ile baridi ya mwaka ule. Akakubali. Aliweka masharti, maskini, kama kwamba masharti yangemwokoa: betri haitiwi, magazini haitiwi, bunduki itakaa mkobani mpaka mlango wa ukumbi ufungwe, na mkoba atauchukua yeye mwenyewe. Ishaka alikubali yote kwa mpigo mmoja bila ya kusikiliza hata moja.

Alipoondoka Nunu akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Mbona umekubali?"

"Ningemwambia nini?"

"Hapana. Ni neno fupi."

Kuanzia siku ile roho ya Makungu haikutulia. Kazini aliishika bisibisi akaisahau mkononi. Mara mbili tatu alichukua simu ampigie Ishaka, akasikia tayari ile sauti itakavyonywea, akaiweka. Akajiambia ni mara moja tu, ndani, na rangi ipo. Hata Jagjit alimwona yuko mbali, akamuuliza kama anaumwa. Makungu alisema hapana. Akaiangalia tena bunduki chini ya taa, akaikwangua tena kwa ukucha, ikawa vile vile, buluu safi, akaifungia mkobani.

Siku ya harusi mvua iliacha baada ya alasiri. Wanaume walikusanyika kwenye kiwanja cha magari nyuma ya ukumbi, Alum Rock, kanzu nyeupe chini ya makoti, kofia zimepigwa pasi, wapigaji na ngoma zao. Wanawake walikuwa bado nyumbani kwa bibi harusi. Na mlango wa ukumbi, mnajua tena mambo ya kumbi za mji huu, ulikuwa umefungwa, kwa sababu shughuli iliyotangulia ilikuwa haijamalizika na msimamizi hataki kusikia. Wakasimama nje. Baridi ikaanza kuwapanda miguuni.

Ishaka hakubali shughuli yake ipoe. Alitoa mfukoni chupa ya mafuta ya udi aliyoletewa kutoka Unguja, mazito, meusi, yale ambayo tone moja linatosha nyumba nzima, akaanza kupita kwa mtu mmoja mmoja. "Leteni mikono! Leo hakuna kuonja, leo ni kuoga!" Akawamiminia viganjani mpaka yakawachuruzika vifundoni. Watu wakasugua mikono, wakajipaka shingoni na ndevuni, harufu ikajaa kiwanja kizima mpaka wapita njia wakageuka. Makungu naye akamiminiwa. Akasugua viganja, akanusa, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima akatabasamu, maana ilikuwa harufu ya kwao.

Ngoma zikaanza. Safu mbili zikajipanga zenyewe, wazee huku, vijana huku, Iman katikati na joho lake, anacheka kwa aibu. Ishaka akaja kwa Makungu. "Ilete."

"Tulisema ndani."

"Ndani wapi, shemeji, na mlango umefungwa? Watu wamesimama. Unitie aibu leo, mbele ya Billow?"

"Ishaka, tulisema ndani."

"Toa! Toa!" watu wakaitikia, hata hawajui kinachotolewa ni nini.

Aliyefungua zipu ni Makungu mwenyewe. Hakunyang'anywa, wala hajamwambia mtu kwamba alinyang'anywa. Aliitoa kwa mikono yake ile ile iliyolowa mafuta, akampa Ishaka, na kiwanja kikalipuka kwa shangwe.

Ishaka alitangulia. Lazima niseme kweli, alipendeza. Mtu mnene yule alikuwa mwepesi kama kijana, anainyanyua bunduki, anaishusha, safu zinaitikia, machozi yanamtiririka. Kisha akampa wa kwanza katika safu, naye akainyanyua, akampa wa pili, ikawa inakwenda mkono kwa mkono, kila mtu anataka aishike, kila mtu anaizungusha viganjani. Billow peke yake alirudi nyuma. Mtu wa Garissa, uso ulimkunjamana. "Ishaka, hii si nzuri," alisema. "Sisi kwetu na kitu hiki hatuchezi." Lakini ngoma ilikuwa juu, na Ishaka akampungia mkono tu.

Makungu alisimama pembeni na mkoba mtupu. Aliona ng'ambo ya barabara mwanamke na mifuko yake ya mboga amesimama wima, anatazama. Kisha akawashika wanawe mabegani, akawasukuma haraka ndani ya duka la nguo. Makungu akaangalia juu, kwenye madirisha ya nyumba za pili, akaona pazia linarudi.

"Ebo, nani kawamwagia wino?" mtu mmoja safuni akauliza huku anacheka. Kanzu yake ilikuwa na michirizi ya buluu kifuani. Na ya jirani yake pia. Na ya yule pale. Makungu akavitazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vya buluu. Akavileta puani: udi. Petroli, siki, chumvi, sabuni, vyote alivijaribu, na hapakuwa na kitabu wala fundi wa kazi ile ambaye angefikiria kujaribu mafuta ya udi. Akainua macho kwa hofu akaitafuta bunduki juu ya vichwa vya watu, na bunduki ya buluu haikuwepo tena. Iliyokuwapo, rangi karibu yote imeyeyuka, ilikuwa nyeusi tii, inang'aa kwa mafuta, na mtutu wake umeelekea mbinguni.

"Ishaka!" alipiga ukelele. "Iweke! Iweke chini!" Ngoma zikammeza. Akaanza kusukuma watu, anakanyaga miguu ya wazee, anaita, na watu wanacheka wakidhani naye kapandisha mori. Bunduki ilikuwa imeshamrudia Ishaka. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, maana kwa wa kulia alikuwa amemkumbatia Iman.

Gari ziliingia bila ya king'ora. Milango ikafunguka, askari wakashuka na silaha zao, zile za kweli, wakainama nyuma ya milango. Sauti moja ikapiga: "Armed police! Put it down! Weka chini!" nasema hivyo kwa Kiswahili, lakini kila mtu pale alielewa. Ngoma zikakatika. Safu zikavunjika, watu wakalala kwenye maji ya mvua na kanzu zao, Billow akamvuta Iman kwa joho akaanguka naye. Akabaki Ishaka peke yake katikati ya kiwanja.

Na Ishaka alikuwa bado anatabasamu. Kwa nini asitabasamu? Kichwani mwake bunduki ilikuwa ya buluu. Hakuitazama. Alikuwa akiwatazama wageni waliokuja katika harusi ya mwanawe, na kila siku ya kazi huwapandisha watu kama wale basini mwake na kuwaambia habari za asubuhi. "It's a toy, officer," alisema. "Just a toy. Haya, chukueni muione."

"Put it down! Sasa hivi!"

Makungu alikuwa umbali wa kuweza kumwona uso. Alimwona ameelewa kwamba wanaitaka bunduki, na kwamba ameamua kuwapa. Lakini bunduki iko mkono wa kushoto. Na Ishaka amelelewa, mama yake alimchapa vidole kwa jambo hili, hajapata kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, hata tikiti ya basi, seuze mtu wa serikali. Bunduki ikaanza kupita mbele ya kifua chake, kutoka kushoto kwenda kulia. Makungu alijua kinachopita katika kichwa cha shemeji yake, kwa sababu na yeye angefanya vile vile. Na alijua pia kinachoonekana kutoka nyuma ya mlango wa gari: mtu ameshika bunduki nyeusi, na sasa anaitia kwenye mkono wa kupigia.

"Ishaka, usi—"

Risasi ilikuwa moja. Haikuwa na mlio mkubwa kama watu wanavyodhani.

Askari aliyepiga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti pembeni yake. Kijana, mweupe, ndevu hazijamjaa. Alilikandamiza jeraha kwa mikono yake miwili huku akimwambia Ishaka atazame, asilale, abaki naye. Mwenzake aliisukuma bunduki kwa mguu, akaiinua, akatazama pale panapokaa magazini akaona patupu, akaipindua akaona mabaki ya buluu kwenye mikunjo ya kitako. Akamwonyesha yule kijana, na yule kijana akatazama, akarudi kulikandamiza jeraha. Kiwanja kizima kilikuwa kinanukia udi.

Ishaka hakufa. Nasema mapema ili msishike roho bure, maana sisi tulioshika tulishika siku nyingi. Risasi iliingia begani upande wa kulia, ikavunja mfupa, ikakata mishipa. Madaktari walifanya walichoweza. Makungu aliwaeleza polisi yote bila ya kuficha, udi na zipu na petroli, na kesi yake bado iko mikononi mwa mawakili. Jagjit aliivunja ile oda ya kontena, akakaa kwenye meza ya nyuma kutwa nzima, lakini hakumfukuza. Nunu alikuwa akimwekea mumewe chakula mezani na kurudi jikoni kula peke yake. Hakumlaumu kwa neno hata moja, na Makungu alitamani angemlaumu.

Kwa Ishaka hakwenda. Hospitali alifika mpaka mlangoni akarudi. Ishaka alipotolewa, Makungu alituma matunda kwa mkono wa Iman. Kila siku alisema kesho, na kesho ikifika anapata udhuru, mpaka Nunu alipochukua koti lake akamtupia. "Nenda," alisema. "Kila siku anakuulizia."

Akaenda kwa miguu mpaka Alum Rock, anakokaa Ishaka. Ishaka mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, amekonda, shati limemlegea. "Shemeji!" akapiga kelele zake zile zile. "Ulikuwa umepotelea wapi? Kaa, kaa." Akakaa. Ishaka akakataa kusaidiwa. Aliiegemeza chupa ya kahawa kifuani, akaifungua kwa vidole vya kushoto, akamimina kahawa taratibu, ikamwagika kidogo mezani, akajifanya haioni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani mwake, umetulia, vidole vimekunjamana, na haukutikisika hata alipoinama.

Akakishika kikombe, akamnyooshea Makungu, kisha mkono ukasita hewani. Haya zikampanda usoni, yule mtu wa kelele, akatazama chini.

"Niwie radhi, shemeji," alisema, "kwa mkono wa kushoto."

Makungu akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho vile vile mpaka kahawa ikapoa.